Mwarobaini, fedha na bakteria: ni kipi hasa kinachoua?

Chemsha majani machache ya mwarobaini katika maji yaliyokenekwa (yaliyotolewa chumvi kwa kuyachemsha na kukusanya mvuke wake), chuja, uache mchemsho upoe. Kisha umimine kidogo kidogo kwenye maji mengine yaliyoyeyushiwa nitrati ya fedha, chumvi ya yale madini ya fedha. Mchanganyiko huanza ukiwa wa manjano hafifu, halafu baada ya dakika au saa kadhaa, kutegemea joto na ukali wa mchemsho, hukolea hadi kuwa wa kahawia. Tone lake likiwekwa kwenye sahani ya maabara iliyooteshwa bakteria, kesho yake panaonekana duara tupu ambapo hakuna kilichoota.

Jaribio hili limerudiwa katika maabara za vyuo vikuu duniani kote, kwa mwarobaini, mlonge, mshubiri, tangawizi, majani ya mpera, maganda ya machungwa, na karibu kila mmea ambao mwanafunzi wa kemia anaweza kuuchuma karibu na bweni lake. Matokeo huwa yanafanana. Shida huanza habari inapotoka maabara na kuingia kwenye makundi ya WhatsApp, ambako inageuka kuwa "wanasayansi wamethibitisha mwarobaini unaua bakteria sugu". Walichothibitisha sicho hicho, na tofauti kati ya mambo hayo mawili inaweza kumuumiza mtu.

Naelewa kwa nini habari kama hizi hupokelewa kwa hamu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Lancet ulikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 1.27 walikufa moja kwa moja kwa sababu ya bakteria waliokuwa sugu kwa dawa, na kwamba usugu huo ulihusika kwa namna fulani katika vifo milioni 4.95. Mzigo mzito kuliko wote uliangukia Afrika kusini mwa Sahara, hasa upande wa magharibi, ambako vifo vya moja kwa moja vilifika 27.3 kwa kila watu 100,000. Wauguzi wa wodi za upasuaji na za watoto wachanga wanawajua wahusika kwa majina: Escherichia coli, Staphylococcus aureus, Klebsiella pneumoniae, Acinetobacter baumannii, Pseudomonas aeruginosa. Mtu anayemuuguza ndugu mwenye kidonda kilichokataa kila sindano atatafuta msaada popote, na ana haki. Kwa hiyo anastahili kuelezwa kitu chenyewe kilivyo.

Tuanze na rangi ile ya kahawia. Nitrati ya fedha ikiyeyuka majini, atomu za fedha hutawanyika, kila moja ikiwa imepungukiwa elektroni moja. Atomu ya namna hiyo huitwa ayoni, na maji yenye ayoni za fedha hayana rangi. Mchemsho wa majani nao umejaa tanini, flavonoidi, sukari na kemikali nyingine ambazo ni wepesi wa kutoa elektroni. Ayoni ya fedha ikipewa elektroni inakuwa atomu kamili, na atomu kamili za fedha hazikai pekee majini, hukusanyana. Zingeachwa hivyo hivyo zingeendelea kukusanyana hadi ziwe vumbi zito linalozama chini ya chupa. Lakini protini na kemikali za mmea huzizunguka kabla hazijafika huko, zikazivika ganda jembamba linalozizuia kugandana. Zinazobaki zikielea ni chembe za nano: vipande vya fedha vyenye upana kati ya nanomita 1 na 100, na nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita.

Chembe yenye upana wa nanomita 20 ina atomu za fedha zipatazo 245,000. Bakteria wa E. coli ana urefu wa takriban nanomita 2,000, kwa hiyo chembe 100 za namna hiyo zikipangwa mstari mmoja zinalingana na urefu wa mwili wake. Rangi nayo inatokana na ukubwa huo. Elektroni zilizo juu ya chembe hutikisika kwa pamoja zinapopigwa na mwanga, zikameza mwanga wa zambarau na buluu, kwenye mawimbi ya nanomita 400 hadi 450 hivi. Unaobaki kufika machoni ni wa manjano na kahawia. Mtaalamu akiona rangi imebadilika anajua chembe zimetengenezeka. Kuhusu tiba, rangi hiyo haimwambii chochote.

Maji yaliyokenekwa hayakuwekwa kwenye maelezo kwa urembo. Ukitumia maji ya bomba au ya kisima, ambayo yana chumvi, mchanganyiko hupata weupe wa maziwa kabla hata majani hayajafanya kazi yake. Ayoni za fedha zimekamatana na kloraidi ya chumvi, zikawa kloraidi ya fedha, kitu ambacho karibu hakiyeyuki kabisa majini. Liweke akilini jambo hili, maana litarudi tutakapofika kwenye damu ya binadamu.

Njia za kawaida za kutengeneza chembe hizi hutumia kemikali kama borohidridi ya sodiamu au haidrazini, ambazo zina sumu na zinataka uangalifu mkubwa. Wazo la kuzibadilisha kwa mimea lilianza kushika kasi mwanzoni mwa karne hii. Mwaka 2003 watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, walionyesha kwamba miche ya lusini, yale majani ya kulishia mifugo, inaweza kutengeneza chembe za fedha. Mwaka uliofuata kundi la Murali Sastry, katika Maabara ya Taifa ya Kemia huko Pune, India, lilitumia mchemsho wa majani ya mwarobaini kutengeneza chembe za fedha na za dhahabu. Njia hiyo ilikuwa ya haraka kuliko ile ya kutumia kuvu na vijidudu, na haikuhitaji joto kubwa wala mitambo ya bei. Kwa maabara yenye bajeti ndogo hiyo ni faida ya kweli, na sipendi inapobezwa.

Ila iangalie vizuri kazi ya jani katika habari hii. Limetoa elektroni, kisha limetoa ganda. Kilichokuja kuua bakteria ni fedha, madini, na nitrati yake ilinunuliwa dukani kwa muuza kemikali.

Fedha yenyewe inaua vipi? Kwa miaka mingi watafiti walibishana: je, ni chembe inayomtoboa bakteria, au ni ayoni zinazochuruzika kutoka kwenye chembe? Picha za darubini ya elektroni zilionyesha chembe zimejibandika juu ya bakteria na utando wao ukiwa na mashimo, na wengi wakaamini chembe zinapasua kwa nguvu zake zenyewe. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha Rice, Houston, lilifanya jaribio ambalo kwangu ndilo safi kuliko yote katika mjadala huu. Walitengeneza chembe za fedha na kuzijaribu kwa E. coli mahali pasipo na oksijeni kabisa. Fedha haiwezi kutoa ayoni bila kuguswa na oksijeni. Chembe zilikuwepo, zikamgusa bakteria, naye hakudhurika. Kumbe kinachoua ni ayoni, na chembe ni ghala lake.

Ghala hilo lina maana kubwa. Kipande cha sukari guru ukikitumbukiza kizima kwenye uji kinachelewa kuyeyuka. Ukikikuna kinapotea mara moja, kwa sababu sehemu inayogusana na uji imeongezeka. Mchemraba wa fedha wenye sentimita 1 kila upande una uzito wa gramu 10.5 na uso wa sentimita za mraba 6. Ukatekate fedha hiyo hiyo iwe michemraba ya nanomita 10, na uso wote ukijumlishwa unafika mita za mraba 600. Sehemu zote hizo zinaweza kutoa ayoni polepole, kwa saa na hata siku, hapo hapo ambapo chembe imebandika.

Ayoni ikishamfikia bakteria hutafuta salfa. Protini nyingi zina salfa katika sehemu muhimu, na fedha huing'ang'ania na haiachii kirahisi. Vimeng'enya vya upumuaji wa seli huharibika, bakteria akakosa nishati. Elektroni zilizopotea njia huzalisha aina za oksijeni zenye ukali zinazounguza mafuta ya utando. Na ayoni nyingine huifikia DNA. Bakteria wengi hugawanywa makundi mawili kwa aina ya ukuta wao. Wale wa kundi la Gram hasi, kama E. coli na Pseudomonas, wana ukuta wa peptidoglikani (wavu mgumu unaoizunguka seli) wa nanomita chache tu, ingawa wamejifunika utando wa pili kwa nje. Wale wa Gram chanya, kama Staphylococcus, wana ukuta wa nanomita 20 hadi 80. Ndiyo sababu inayotolewa mara nyingi kueleza kwa nini kundi la kwanza huelekea kufa kwa dozi ndogo zaidi. Antibiotiki nyingi hulenga sehemu moja ya bakteria. Fedha hulenga sehemu nyingi kwa wakati mmoja, na hapo ndipo matumaini ya watu yalipojengwa.

Matumaini hayo hayakuanza na nano. Mwaka 1881 daktari Carl Credé wa Leipzig, Ujerumani, alichapisha matokeo ya kudondoshea watoto wachanga tone la nitrati ya fedha machoni. Maambukizi ya macho yaliyotokana na kisonono cha mama, ambayo yalikuwa yakimpata takriban mtoto 1 kati ya 10 katika wodi yake, yalishuka hadi chini ya 1 kati ya 100. Kuna watu waliokufa wazee wakiwa wanaona kwa sababu ya tone hilo. Mwaka 1968 ikaja krimu ya salfadiazini ya fedha kwa walioungua moto, ile krimu nyeupe ambayo hadi leo hupakwa katika hospitali nyingi. Miaka ya 1990 nchini Kanada, Robert Burrell alitengeneza bendeji yenye fuwele za nano za fedha, ikauzwa kwa jina la Acticoat. Kwa hiyo daktari akisikia fedha inaua bakteria hashangai. Anachouliza ni kiasi gani, wapi, na kwa gharama gani kwa seli za mgonjwa.

Kuna matumizi mengine ambayo hayapewi sifa inayostahili. Mwaka 1981 mkemia Fernando Mazariegos wa Guatemala alibuni chujio la udongo wa mfinyanzi lenye umbo la chungu, lililopakwa fedha ya kolodi, yaani chembe ndogo sana za fedha zinazoelea majini. Udongo huchanganywa na unga wa mbao au maganda. Ukichomwa tanuruni, unga huungua na kuacha vitundu vidogo sana. Vitundu huzuia uchafu na vijidudu vingi, na fedha huzuia waliobaki wasizaliane ndani ya udongo. Shirika la Potters for Peace lilieneza ufundi huo Nicaragua baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998, na viwanda vidogo vya namna hiyo vimeanzishwa katika nchi nyingi. Hapo fedha inafanya kazi mahali pake: imeshikwa kwenye udongo, inatumika kwa kiasi kidogo, na haimezwi kama dawa.

Sasa turudi kwenye lile duara tupu ndani ya sahani. Lina udhaifu ambao wasomaji wengi hawauoni. Upana wa duara unategemea jinsi kitu kinavyosambaa ndani ya agari, ile jeli ya sahani ambamo bakteria huoteshwa, na chembe za nano husambaa kwa shida kuliko molekuli ndogo za antibiotiki. Duara la milimita 15 la chembe haliwezi kulinganishwa na duara la milimita 20 la siprofloksasini na kusemwa la kwanza ni dhaifu au karibu sawa. Kipimo chenye maana zaidi ni kile cha kutafuta kiwango kidogo kabisa kinachozuia bakteria kuota ndani ya kimiminiko, na hata hicho hubadilika kutegemea chumvi na protini zilizomo.

Udhaifu mkubwa kuliko huo ni ule wa kutokuwa na kipimo cha pembeni. Tuseme mchemsho umegeuza nusu tu ya nitrati ya fedha kuwa chembe. Nusu nyingine bado ni ayoni huru zinazoua kwa ukali. Mtafiti asipoziondoa chembe na kuziosha, asipopima nitrati ya fedha peke yake na mchemsho wa majani peke yake, hawezi kusema duara limetengenezwa na nani. Ukisoma makala yoyote ya utafiti huu, angalia hilo kwanza. Kama sahani haina sehemu ya nitrati pekee, hitimisho lolote kuhusu "nguvu ya mmea" ni dhana. Halafu kuna jani lenyewe: kemikali zake hubadilika kwa msimu, udongo na umri wa mti, kwa hiyo chembe zilizotengenezwa kwa majani ya masika zinaweza kutofautiana kwa ukubwa na zile za kiangazi. Kwa jaribio la darasani si neno. Kwa dawa inayotakiwa kuwa ile ile katika kila chupa, ni kikwazo kikubwa.

Na sasa damu. Damu ya binadamu ina kloraidi takriban milimoli 100 kwa lita (milimoli ni kipimo cha wingi wa kemikali), na albumini nyingi, protini yenye salfa. Ayoni ya fedha ikiingia humo hukamatwa upesi, ama na kloraidi kama ilivyokuwa kwenye maji ya bomba, ama na protini. Ndiyo maana bakteria wanaokufa vizuri kwenye sahani hawafi hivyo hivyo ndani ya mwili wa mtu aliyekunywa fedha. Fedha haipotei lakini. Hubebwa hadi kwenye tishu na kukaa, na ikizidi hugeuza ngozi kuwa ya kijivu au ya buluu. Hali hiyo huitwa ajiria, na rangi yake kwa kawaida haitoki maisha yote.

Hesabu yake ni rahisi. Kiwango cha nitrati ya fedha kinachotumika mara nyingi katika majaribio haya ni milimoli 1 kwa lita, yaani gramu 0.17 za nitrati katika kila lita, ambazo ndani yake mna miligramu 108 za fedha. Kijiko cha chai cha mililita 5 cha mchanganyiko huo kina miligramu 0.54. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limeweka mpaka wa mikrogramu 5 za fedha kwa kila kilo ya mwili kwa siku, kwa kuzingatia ajiria. Kwa mtu mzima wa kilo 60 hiyo ni miligramu 0.3. Kijiko kimoja tayari kimevuka. Mwaka 1999 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliamua kwamba bidhaa za fedha ya kolodi zinazouzwa bila cheti cha daktari hazitambuliki kuwa salama wala zenye kutibu. Anayeuza chupa ya "fedha ya mwarobaini" ya kunywa, akisema haina madhara kwa kuwa ni ya mimea, anauza madini mazito yaliyovikwa ganda la jani. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu wanaonunua ni wagonjwa walioishiwa njia.

Kwenye kidonda hali ni tofauti, maana bakteria wako juu na fedha inawafikia. Hata hapo kuna bei. Ayoni inayoshika salfa ya bakteria hushika pia salfa ya seli za ngozi zinazojaribu kufunga kidonda. Mapitio ya mwaka 2013 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua kwa pamoja majaribio ya tiba, kuhusu vidonda vya moto yalikuta kwamba salfadiazini ya fedha ilikwenda pamoja na uponaji duni kuliko aina kadhaa za bendeji za kisasa, zikiwemo zile zenye fedha. Kwa maneno mengine, namna fedha inavyotolewa, polepole au kwa mkupuo, inaweza kuwa na uzito kama fedha yenyewe. Ganda la kemikali za mmea linaweza kusaidia kudhibiti utoaji huo, na hilo ni eneo linalostahili pesa za utafiti.

Kuhusu usugu, wapo wanaosema bakteria hawawezi kuizoea fedha. Waliizoea zamani. Mwaka 1975 madaktari wa Boston waliripoti Salmonella iliyoibuka katika wodi ya walioungua, sugu kwa nitrati ya fedha, kloramfenikoli na ampisilini kwa pamoja. Baadaye ilijulikana kwamba jeni za kuistahimili fedha zilikaa kwenye plasmidi, kipande cha DNA ambacho bakteria huweza kupeana, pamoja na jeni za kustahimili antibiotiki. Maana yake, kumwaga fedha ovyo kunaweza kuwapendelea bakteria walewale ambao antibiotiki zimeshindwa kuwaua. Upande wa pili, mwaka 2013 kundi la mtafiti James Collins wa Marekani lilionyesha kwa panya kwamba fedha kidogo hulegeza utando wa bakteria wa Gram hasi, hadi vankomisini, antibiotiki ambayo kwa kawaida haiwapenyi, ikaweza kuwaua. Huenda kazi nzuri ya fedha ni kuwafungulia mlango antibiotiki tulizo nazo.

Chembe za nano nazo zimeshapata wapinzani. Mwaka 2018 kundi la Aleš Panáček wa Olomouc, Jamhuri ya Cheki, lilikuza E. coli na Pseudomonas kizazi baada ya kizazi katika chembe za fedha za kiwango kisichowaua. Bakteria wakawa sugu bila jeni zao kubadilika. Walichofanya ni kutoa kwa wingi flajelini, protini inayounda mikia yao ya kuogelea. Protini hiyo inanata. Ilizifanya chembe za fedha zigandane kuwa mabonge, na bonge lina uso mdogo na ayoni chache. Watafiti walijaribu kuzivika chembe maganda ya polima ili zisigandane, wakashindwa. Kisha wakaongeza mchemsho wa maganda ya komamanga. Utengenezaji wa flajelini ulizuiwa, na chembe zikaanza kuua tena.

Hapo mmea ulifanya kazi ambayo fedha haikuiweza, na ulifanya hivyo bila kuua bakteria hata mmoja: ulimnyima kinga yake. Ningependa sana kuona maabara zetu za Muhimbili, Makerere, Nairobi na Arusha zikilishika swali hilo, kuliko kuongeza mmea mwingine kwenye orodha ndefu ya majani yanayoweza kugeuza nitrati ya fedha kuwa ya kahawia. Komamanga ni moja. Je, gome la mwarobaini, majani ya mpera, mizizi ya mlonge? Kazi hiyo inahitaji bakteria waliotolewa kwenye vidonda vya wagonjwa wa hapa badala ya wale wa kununua, sahani ya nitrati pekee pembeni ya kila jaribio, na seli za ngozi ya binadamu zikiwekewa dozi ile ile inayowekewa bakteria.